Mechi ya Marudiano

Kama una mtoto wa ndugu yako kule nyumbani, bila shaka kuna ahadi uliyowahi kumpa kwenye simu. Yangu mimi ilikuwa hii: "Nikija likizo, nitakupeleka Taifa ukaione Yanga kwa macho yako." Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka sita nilipomwambia hivyo. Nilikuwa jikoni Liverpool, nimechoka na zamu ya usiku, na nilitaka tu aache kulia. Watoto hawasahau. Kila nilipopiga simu, kabla hata ya shikamoo, aliniuliza: "Shangazi, Taifa lini?"

Miaka mitatu ikapita. Ulikuja ugonjwa wa korona, na sisi wauguzi mnajua tulikuwa wapi. Kisha nikaanza kusoma digrii juu ya stashahada niliyokuja nayo kutoka Tanzania, na nauli ikageuka ada. Hatimaye Januari 2023 nikaomba likizo ya mwezi wa tano, nikapewa. Wakati ule hakuna aliyekuwa na habari kwamba likizo yangu itaangukia kwenye fainali ya Afrika.

Yanga msimu ule walianza vibaya. Waliondolewa na Al Hilal ya Sudan kwenye Ligi ya Mabingwa, wakashushwa Kombe la Shirikisho. Walipotoka suluhu na Club Africain hapa Dar es Salaam, watu wengi walishaaga mashindano. Wakaenda Tunisia, Aziz Ki akafunga goli moja, wakapita. Baada ya hapo ikawa kama mchezo wa kuigiza: wakaongoza kundi, wakawatoa Rivers United wa Nigeria, wakawatoa Marumo Gallants wa Afrika Kusini nyumbani na kwao. Rais Samia alikuwa akitoa fedha kwa kila goli, watu wakaliita "goli la Mama". Nilishuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere nikakuta mji mzima unazungumza Kialgeria. Mpinzani wa fainali alikuwa USM Alger.

Kwa wale ambao mpira si kazi yao, nieleze kidogo. Fainali nyingi tunazoziona huku Ulaya ni mechi moja katika uwanja usio wa timu yoyote. Shirikisho la Afrika nalo lilijaribu mtindo huo kwa misimu michache, kisha mwaka 2023 likarudi kwenye utaratibu wa zamani wa mikondo miwili. Mnacheza kwenu, halafu mnacheza kwao, na magoli yanajumlishwa. Jumla ikiwa sawa, linaangaliwa goli la ugenini: aliyefunga mengi akiwa kwa mwenzake ndiye mshindi. Ulaya sheria hiyo waliifuta mwaka 2021. Kwetu ilikuwa bado ipo. Mkondo wa kwanza ulipangwa Dar es Salaam Jumapili tarehe 28 Mei, wa pili Algiers Jumamosi tarehe 3 Juni. Ndege yangu ya kurudi ilikuwa Jumanne tarehe 30. Nikasema Mungu ni mwema, ahadi inatimia.

Kaka yangu, baba wa mtoto, ni Simba wa kufa na kuzikana. Mtoto alifuata upande wa mama yake. Jumapili ile, ambayo ilikuwa ya Pentekoste, tulitoka ibada ya kwanza Mbagala, tukala pilau mapema, na kaka akatusindikiza hadi kituoni akiwa amevaa fulana nyeupe kwa makusudi. "Mimi leo ni Mwarabu," akasema. "Nendeni mkalie huko huko." Nikamkumbusha kwamba Simba nao walicheza fainali mwaka 1993, Kombe la CAF, wakatoka suluhu Abidjan na Stella, wakaja kufungwa mbili bila hapa hapa Dar es Salaam. Akacheka. Alikuwa mtoto siku ile na alilia kwenye redio. Alimkagua mwanawe: jezi ya njano na kijani yenye namba 9 ya Mayele, inayomfika magotini, na raba mpya nyeupe nilizomletea kutoka Liverpool. "Mshike mkono," akaniambia. Hakuongeza neno.

Barabara ya Kilwa wakati ule ilikuwa bado ina ujenzi wa mwendokasi, vumbi na foleni. Daladala yetu ilijaa kijani na njano hadi mlangoni. Konda alikuwa Simba, na safari nzima ilikuwa utani. Tukashuka Uhasibu, tukaifuata Barabara ya Mandela kwa miguu pamoja na maelfu ya watu. Nimekaa Uingereza miaka kadhaa, nimekwenda viwanja viwili vitatu, lakini sijaona njia ya kwenda mpirani inayofanana na ile. Wanauza mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chachandu, karanga kwenye vikaratasi, maji ya baridi, bendera, kofia, vuvuzela. Kuna mzee alipaka uso rangi mpaka ndevu. Kuna kina mama waliotoka mikoani kwa basi usiku kucha, wamekaa ukingoni mwa barabara wanagawana chapati. Mtoto alikuwa anatetema njiani, ule uchezaji wa mabega ambao Mayele anaufanya akifunga, na kila aliyempita alimpigia makofi.

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, unachukua watu 60,000, na umesimama jirani na ule wa zamani, Uhuru, ambao wenyeji tunauita Shamba la Bibi. Ukiwa mtoto wa Temeke au Mbagala, uwanja huu ni kama mlima wenu. Unauona kwa mbali, unausikia kelele zake jioni, unajua nani kafunga kabla redio haijasema. Mimi mwenyewe niliingia mara moja tu kabla ya kuondoka nchini. Nilipouona tena na umati ule umeuzunguka, machozi yalinilengalenga. Nilimwambia mtoto, "Unaona? Nilikwambia." Akanibana mkono kwa nguvu.

Tulijipanga kwenye geti letu mchana, saa nyingi kabla ya mechi. Mstari mwanzoni ulikuwa mstari. Baadaye ukawa kundi. Watu walikuwa wanakuja nyuma yetu kuliko wanavyoingia mbele, na hilo halikuwa ajabu kwa siku kama ile. Tuliimba. Tulipeana maji. Jamaa mmoja mrefu aliyevaa jezi ya Yanga alimwinua mtoto aone mbele, akamrudisha chini.

Nilichogundua kwanza ni kwamba nyimbo zimekatika. Hakuna aliyezizima. Watu tu hawakuwa na pumzi ya kuimba.

Hapa inabidi nirudi Liverpool kidogo, maana bila Liverpool nisingeelewa kilichokuwa kinatokea. Mji huu una jeraha moja. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walikwenda Sheffield, uwanja wa Hillsborough, kwa nusu fainali ya Kombe la FA. Walibanana kwenye jukwaa lenye uzio, na idadi ya waliokufa leo inahesabiwa 97. Majina yao yameandikwa kwenye ukumbusho pale Anfield, na ukipita utakuta maua, skafu, na watu wazima wamesimama kimya. Nilipoanza kazi, muuguzi mmoja wa makamo, mzaliwa wa mji huo, alinipeleka pale siku yangu ya mapumziko. Aliniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, ingawa nilikuwa na stashahada ya uuguzi: wengi hawakukanyagwa. Walikosa hewa wakiwa wamesimama.

Ni jambo rahisi la mwili. Ukivuta pumzi, mbavu lazima zipanuke. Ukibanwa kifua na mgongo kwa pamoja, hazipanuki, na hewa haiingii hata kama pua na mdomo viko wazi. Hakuna kelele, kwa sababu kupiga kelele kunataka pumzi. Aliye mita kumi nyuma yako hajui kinachokupata, naye anaendelea kusogea mbele kwa nia njema kabisa. Na mtoto wa miaka tisa kifua chake kiko usawa wa viuno vya watu wazima.

Nilijaribu kusogeza mguu wa kulia nikashindwa. Nikahisi tunapelekwa mbele, kisha tunarudishwa, kama mtu aliyesimama baharini maji ya kifuani. Hiyo ndiyo alama. Ukiona umati unakubeba na miguu yako haina amri, kinachobaki si foleni tena. Nikamwangalia mtoto. Macho yalikuwa makubwa na midomo imekauka. Akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, kiatu kimetoka." Akaanza kuinama.

"Acha kiatu!" Sijawahi kumkemea mtoto yule kabla ya siku hiyo. Nilimvuta juu, nikamkalisha kiunoni kama mtoto mchanga, nikaweka mkono mmoja mbele ya kifua changu kupata nafasi ya kupumua. Sikujaribu kurudi nyuma kupingana na watu. Nilisubiri wimbi lirudi, nikapiga hatua moja ya upande, kuelekea ukutani. Likaja jingine, nikasimama. Likarudi, hatua nyingine. Yule jamaa mrefu aliona ninachofanya. Akaweka mikono yake miwili kwenye vyuma vya uzio, akatanua mgongo, akatutengenezea uwazi kama wa mlango wa kabati. Tukapita chini ya kwapa lake. Sijui jina lake hadi leo.

Tulipofika pembeni kulikuwa na msichana ameketi chini, amelegea, mwenzake anampepea kwa kofia. Nikamweka mtoto karibu yangu, nikamlegeza msichana nguo shingoni, nikaangalia anavyopumua, nikahesabu mapigo. Alikuwa na fahamu, anajibu jina lake. Nikawaambia waliomzunguka wasogee, nikakaa naye mpaka rangi ikarudi na vijana wawili wakamsaidia kuondoka kuelekea kwenye gari la huduma ya kwanza.

Nikatazama nyuma. Watu walikuwa bado wanaendelea kuja. Tiketi zetu zilikuwa mfukoni. Mtoto alikuwa ameshika jezi yangu kwa mikono miwili, mguu mmoja una raba nyeupe, mwingine peku.

"Tunaondoka," nikasema.

Alilia kilio ambacho kila mzazi anakijua, kile cha mtu aliyedhulumiwa. Aliniambia mimi ni mwongo. Aliniambia nimemdanganya miaka mitatu. Nikamwambia kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni: "Nyamaza, baba, kuna mechi ya marudiano." Akajibu, na alikuwa sahihi, "Marudiano ni Algeria!"

Tuliingia mitaa ya Temeke tukatafuta kibanda umiza. Mnavijua: mabati, mabenchi, king'amuzi kimoja, televisheni mbili, feni moja inayojaribu. Siku ile kiingilio kilikuwa kimepanda, na mlangoni pakawa na ubishi kama mtoto alipe nusu au kamili. Nilipoingia kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa mlango wa pili. Ulikuwepo, upande wa nyuma, unatokea kwenye jiko la mama lishe. Tukakaa karibu nao. Mama lishe akamtazama mtoto mguu, akaleta kandambili za mwanawe bila kuuliza swali.

Kibanda kilikuwa nusu Yanga, nusu Simba, na nusu ya Simba walikuwa Waalgeria wa kuzaliwa. Dakika ya 32 Aymen Mahious akafunga, upande mmoja ukalipuka, upande wetu ukanyamaza kama msibani. Muda ukaenda. Mtoto hakunisemesha. Alikunywa soda niliyomnunulia lakini aliigeuzia uso ukutani. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha. Mabati yalitikisika. Mtoto akasahau kwamba tumegombana, akaruka mapajani kwangu, akatetema juu ya benchi na kandambili za kuazima, na watu wazima wakatetema naye. Dakika mbili baadaye, Islam Merili akafunga la pili la USM Alger. Mbili kwa moja, kwetu. Mmoja nyuma yetu akasema polepole, "Kwa Mkapa hatoki mtu, ila Mwarabu katoka." Hata sisi tukacheka.

Jioni tulipofika Mbagala kaka alikuwa amesimama getini. Alikuwa na utani wa siku nzima umemjaa mdomoni, nikauona ukizimika alipouona mguu wa mwanawe. Nikamweleza. Akamchukua mtoto mgongoni akaingia naye ndani, na usiku ule hakuna Simba aliyemcheka Yanga katika nyumba yetu.

Taarifa ilitoka baadaye: mtu mmoja amefariki na wengine takriban 30 wameumia katika msukumano pale uwanjani. Sikuandika makala hii kumnyooshea mtu kidole. Sikuona yote, niliona pembe yangu ndogo tu. Mambo kama haya yametokea Accra mwaka 2001, ambako walikufa watu 126, na yametokea Yaoundé Januari 2022, kwenye geti la uwanja wa Olembe, siku Cameroon ilipocheza na ndugu zetu wa Komoro. Yametokea Uingereza yenye kamera na kompyuta. Wahusika wana kazi yao. Mimi nilikuwa na swali langu mwenyewe, na swali hilo lilinikosesha usingizi usiku ule na lile lililofuata.

Mimi ni muuguzi, na niliondoka.

Nililipa shirika la ndege, nilivuka bara, nikafika mahali ambapo kwa mara moja taaluma yangu ilikuwa inahitajika mita ishirini kutoka niliposimama, nami nikageuka nikaenda kibandani. Nilijiambia kwamba wahudumu walikuwepo. Nilijiambia kwamba sikujua itakuwa mbaya kiasi hicho. Yote ni kweli, na hayakunisaidia. Jumatatu asubuhi nilimkuta mama jikoni anachambua mchele, nikamwambia. Mama hakuacha kuchambua. Akasema, "Ulikuwa na mtoto wa watu mkononi. Aliyekupa mtoto ule alikwambia nini?" Nikasema, "Alisema nimshike mkono." Akasema, "Basi." Mnajua "basi" za mama zetu, jinsi zinavyofunga kesi. Kesi haikufunga kabisa, lakini niliweza kulala.

Jumanne nikapanda ndege. Jumamosi tarehe 3 Juni nilikuwa wodini Liverpool, zamu ya kutwa. Siku hiyo hiyo kulikuwa na fainali ya Kombe la FA pale Wembley, Manchester City na Manchester United. Gündoğan alifunga kabla mechi haijafikisha sekunde 13, na City wakashinda mbili kwa moja. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, shabiki wa Liverpool tangu utotoni, aliniambia anaomba zote mbili zifungwe. Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Nilitamani kaka yangu angemsikia. Utani wa jadi upo kila mahali, umebadilisha jezi tu.

Nikamweleza kwamba jioni nami nina fainali yangu, na kwamba yetu ina mikondo miwili. Akauliza wa kwanza ulikuwaje. Nikamwambia tulifungwa nyumbani. Sikumwambia mengine. Alitikisa kichwa akasema kwa lugha yao kwamba angalau kuna wa pili.

Mechi ya Algiers ilianza saa mbili usiku kwa saa za Uingereza, saa nne kwa saa za nyumbani, wakati mimi nakabidhi zamu. Nikiwa kwenye basi simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na sikuhitaji kuufungua ili nijue. Penalti, dakika ya 7, Djuma Shabani. Sauti ya mtoto ilikuwa imepasuka: "Shangazi! Shangazi! Tumefunga kwao!" Tangu Jumapili alikuwa ananijibu simu kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Abiria wa basi walinigeukia kwa sababu nilipiga kelele peke yangu.

Nilifika nyumbani mapumziko, nikapiga simu ya video. Kaka aliishikilia simu mbele ya televisheni ya sebuleni kwao, picha inatetereka, mimi upande huu nina chai na sare yangu ya kazi. Uwanja wa 5 Julai 1962 umepewa jina la siku ya uhuru wa Algeria. Ulikuwa umejaa, na moshi wa fataki za mashabiki ulielea juu ya nyasi. Kipindi cha pili USM Alger wakapata penalti. Nilifumba macho. Niliposikia mama, ambaye hajui hata kuotea ni nini, akipiga vigelegele kule Mbagala, nikajua Djigui Diarra ameokoa. Tulihitaji goli moja tu zaidi. Moja.

Halikupatikana. Kipyenga kilipolia Yanga walikuwa wameshinda moja bila ugenini, katika uwanja ambao wageni wachache hushinda, na Waalgeria ndio waliokuwa wanakimbia na bendera. Kombe la kwanza la Afrika kwa klabu yao.

Uso wa mtoto ukajaa kwenye skrini. "Shangazi, si tumeshinda? Mbona wao ndio wanachukua?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Huku walishinda mbili kwa moja, kule tulishinda moja bila. Jumla mbili kwa mbili. Lakini wao walifunga mawili kwetu, sisi moja kwao. Alihesabu kwa vidole. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo yale ya Jumapili ndiyo yametuua."

"Ndiyo. Yale ya Jumapili."

"Lakini tulirudiana."

"Tulirudiana," nikasema, na ilibidi nigeuze simu kidogo asinione. Nilikuwa namfikiria mtu yule mmoja aliyetoka kwao Jumapili ya Pentekoste, labda na pilau tumboni kama sisi, na ambaye usiku huu nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa kuwasha televisheni. Kwake hapakuwa na marudiano. Kaka yangu, Simba wa kufa na kuzikana, alichukua simu akaniambia, "Dada, wamecheza vizuri. Ila usimwambie mtu nimesema."

Nimeandika haya kwa sababu mwezi wa saba na wa kumi na mbili wengi wetu tunapanda ndege kwenda nyumbani na orodha ya ahadi. Tunakwenda na wiki tatu na tunataka zijaze miaka mitatu: harusi, kaburi, ufukwe, uwanja. Tukifika mlangoni pa jambo tulilolilipia, ni vigumu sana kugeuka. Tunajiambia hatutapata nafasi nyingine. Kama mtakwenda na watoto mpirani, au kwenye tamasha, au mkesha wa mwaka mpya, angalieni njia ya kutoka kabla ya njia ya kuingia. Umati ukianza kuwabeba, toka kwa upande, taratibu, kila wimbi linaporudi. Mtoto awe juu, mkono uwe mbele ya kifua. Kilichoanguka kiache. Tiketi nayo iache.

Na mtoto akilia, alie.

Nilirudi tena nyumbani baadaye. Safari hii nilimpeleka kwenye mechi ya kawaida ya ligi, uwanja mdogo wa Chamazi, si mbali na kwetu. Viti vingine vilikuwa vitupu na jua lilikuwa kali. Alikuwa amerefuka, jezi sasa inamfika kiunoni. Kaka naye alikuja, eti kumsindikiza. Mei 2025 zamu yake ya kuumia ingefika, Simba wakafungwa mbili bila Berkane kule Morocco, wakatoka moja kwa moja Amaan, Zanzibar, na mimi ningekuwa wa kwanza kumpigia simu, kwa sauti ya pole kabisa. Lakini siku hiyo ya Chamazi hakujua hilo, alikuwa anatafuna karanga na kutucheka.

Tulipokaa, mtoto hakuangalia uwanja kwanza. Alizungusha macho jukwaani, akanyoosha kidole.

"Shangazi, geti la kutokea ni lile pale," akasema. Halafu akaanza kuimba na wenzake.